Panga Lililopakwa Mafuta

Mimi ni mutu wa mudomo. Uliza Goma yote, kuanzia Kituku kwa wamama wa samaki mpaka huku kwetu kando ya uwanja wa ndege, watakuambia Apolline Mukakalisa hajawahi kuacha neno la mutu lipite bila jibu. Padri alinionya juu ya huu mudomo kwenye kitubio, nikamujibu na yeye. Basi nikikuambia kwamba siku moja nilisimama mbele ya wakubwa kutoka Bukavu nikasema uongo juu ya bwana yangu, na udongo wa kaburi lake haujakauka, usifikiri niliwaogopa wale wazungu. Sikuwaogopa hata kidogo. Nilifanya vile kwa sababu ya mama-mukwe. Sasa na yeye amelala, siwezi kumuumiza tena, acha niseme.

Jina lake halitatoka kinywani mwangu. Kwetu Masisi, sisi tunaosema Kinyarwanda, bibi hataji majina ya wazazi wa bwana yake, hata wakiwa wamekufa. Na mudomo wangu wote huu, hilo sijawahi kulivunja.

Bwana yangu alikuwa Onésime Habarurema. Huko milimani alikuwa muchongaji wa vyansi, vile vyombo vya muti vya kukamulia maziwa, na vyansi vyake vilijulikana mpaka Kiwanja na Kalengera. Alikuwa mutu mupole wa maneno machache, mimi nikamusemea yaliyobaki. Tuliposhuka Goma akafanya useremala: viti vya shule, milango, majeneza. Majeneza aliyachukia. Halafu mwaka wa hamsini na saba, Wabelgiji wakiwa bado, kampuni moja ya wazungu ikaleta helikopta ya kuchora ramani za milima na kupandisha wataalamu kwenye volkano.

Siku ya kwanza ile mashini ilipopita juu ya nyumba, kuku wangu wakakimbilia chini ya kitanda na wakaacha kutaga. Niliitukana mpaka ikatua. Onésime yeye alitoka nje akasimama, kichwa juu, kinywa wazi kama mutoto. Jioni alikuwa ameshajua kitu ambacho mimi sikukiamini: yale mapanga mawili marefu yanayozunguka juu ya helikopta na kuibeba hewani, ndani yake ni muti.

"Chuma kiko mbele kidogo, kwenye ukingo," aliniambia. "Lakini mwili wote ni muti. Vipande vyembamba vimegandishwa pamoja."

"Kwa hiyo wazungu wanaruka juu ya ubao," nikasema. "Basi hawana akili."

"Akili wanayo. Shida yao ni mvua."

Na kweli shida ilikuwa mvua. Maji yalikuwa yanapenya lile gamba la kitambaa lililofunika muti, panga moja linakuwa zito kuliko lingine, na helikopta yenye mapanga yasiyolingana inatetemeka mpaka meno ya rubani yanagongana. Tena huu mchanga mweusi wa volkano ulikuwa unaula ukingo wa mapanga kila mashini inapotua. Mapanga mapya yalipaswa kutoka Ulaya kwa meli, na kuyangoja ilikuwa kazi ya miezi.

Ndipo ingeniere wao, Monsieur Vanhoucke, akaamua kujaribu dawa mpya. Alikuwa mutu murefu mwenye mabega ya kuinama. Kiswahili chake kilikuwa kibovu lakini hakuona haya kukisema. Aliletewa kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kioo. Ndiyo, kioo kilekile cha dirisha, kimevutwa mpaka kikawa uzi mwembamba kuliko unywele. Unakwangua gamba la zamani, unatengeneza muti, unalaza kile kitambaa juu yake, unakilowesha kwa kole, ile gundi ya kizungu inayokuja ndani ya makopo. Unalaza kingine kwa mshazari ili nyuzi zipishane, unalowesha tena. Ikikauka, kitambaa na kole vinakuwa kitu kimoja, gamba gumu na jepesi lisiloingiza maji. Monsieur alisema siku itakuja panga zima litakuwa nyuzi na kole tu, bila muti ndani, na halitaoza wala kupasuka. Alisema hivyo akiwa ameketi kwenye kiti changu, anatazama kikapu nilichokuwa nafuma, ananiuliza kwa nini uzi wa katani naupitisha hivi na si hivi. Nilimuambia ni kwa sababu mama yangu aliupitisha vile. Akacheka, akasema angependa na yeye wakubwa wake waridhike na jibu kama hilo.

Alimuchukua Onésime kwa sababu alihitaji mukono wa kuusafisha ule muti bila kuula kupita kiasi, ili mapanga yote mawili yabaki na uzito mumoja. Ile kazi Onésime aliipenda, sikufichi. Aliipenda kuliko vyansi. Nililionea lile panga wivu kama vile ni mwanamke, nikamuambia, akanijibu kwamba hili angalau halipigi kelele.

Lakini kazi ilikuwa na sharti lake. Kole haitaki mafuta. Pahali penye mafuta, hata kidogo, inalala juu tu, haishiki. Monsieur akamukataza Onésime kujipaka chochote, mafuta ya ng'ombe au ya mawese, na kila asubuhi akamusimamia anawe kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Sasa ujue, kwetu mutu hatoki nyumbani mukavu. Mutoto akizaliwa anapakwa mafuta ya ng'ombe, bibi arusi anapakwa, muzee anapakwa. Mwenye ngozi kavu ni mutu asiye na watu wake. Onésime aliacha. Ngozi yake ikapauka, ikapasuka kwenye vifundo vya vidole, na juu ya hapo vumbi la zile nyuzi za kioo likawa linamuwasha, akawa anajikuna mpaka damu. Mimi nilimuosha kwa maji ya uvuguvugu na kumupulizia. Kumupaka, hapana. Lile sharti tuliliheshimu wakati wote ule.

Halafu mama-mukwe akashuka kutoka Masisi kuja kutuona.

Alikuwa amezaa wengi, Mungu akamubakizia Onésime peke yake. Alikuja na chungu cha mafuta ya ng'ombe zake, ameyafunika kwa majani ya mugomba, ameyabeba kichwani njia yote. Yale mafuta ungeyajua ukiwa umefumba macho. Alikuwa anafukiza vyombo vyake kwa majani fulani ya kilima cha kwao, na harufu ya ule moshi ilibaki ndani. Hakuna mutu mwingine aliyefukiza namna yake.

Alipomuona mwanawe alijishika kinywa. Kisha akanigeukia mimi.

"Mama Valérie, mwanangu nilikupa akiwa hivi?"

"Hapana, mama."

"Ninyi hapa Goma hamuna mafuta, ao hamuna huruma?"

Nikavuta pumzi nimujibu vizuri, lakini Onésime akanitangulia. "Mama, ni sharti la kazi. Monsieur hataki mafuta."

"Hata haya yangu?"

"Hata hayo. Uniwie radhi, mama."

Alifunika chungu chake akakiweka pembeni, na mimi nikafikiri maneno yamekwisha. Onésime akalala kwenye mukeka bila kula, amechoka. Angeongeza neno lingine kidogo tu, aeleze kole ni nini na mafuta yanaifanya nini, leo tungekuwa tumezeeka pamoja, mimi na yeye. Lakini alikuwa mutu wa maneno machache, na yangu hakuyahitaji ile siku. Hasira yangu juu ya hilo mpaka leo haijaisha. Namukasirikia marehemu, ndiyo, na usiniambie ni vibaya.

Kesho yake mama-mukwe alisema atamupelekea mwanawe chakula yeye mwenyewe. Alirudi alasiri na kikapu kitupu, uso wake umefunguka, anaimba polepole nyimbo za kanisa. Nikamuuliza kama amemukuta. Akasema hakumukuta, alikuwa ameitwa upande wa pili kupima lile panga lingine. Mulinzi alimuruhusu amungoje ndani, akamungoja, akaliona lile panga limelala juu ya meza mbili, limekwanguliwa, jeupe.

"Ni kazi nzuri," aliniambia. "Mwanangu ana mukono wa baba yake. Leo nimemufanyia kazi ya mama."

Nilifikiri anasema habari ya chakula. Wewe ungefikiri nini?

Asubuhi iliyofuata Onésime na Monsieur wakalaza kitambaa cha kioo na kole. Ile kole ilikuwa na harufu ya kukaba koo, ilijaza ateliye yote, ile karakana yao, mule ndani usingesikia harufu ya kitu kingine. Ilipokauka Onésime alipita na kifundo cha kidole, anagonga panga zima kutoka shina mpaka ncha, namna alivyogonga vyansi kutafuta ufa. Monsieur naye akagonga kwa sarafu. Popote palilia sawasawa. Wakayapima mapanga, uzito ukalingana. Onésime alirudi nyumbani akanishika kiuno mbele ya mama yake, kitu ambacho hajawahi kukifanya.

Helikopta ilijaribiwa siku ya posho, yaani jumamosi, asubuhi, jua limetoka. Mwenye kurusha alikuwa kijana Mubelgiji anayeitwa Julien. Palikuwa na nafasi ya mutu mumoja kando yake, na ilikuwa ya Monsieur. Monsieur akamupa Onésime. Alimuambia, umeitengeneza wewe, nenda ukaone nyumba yako kutoka juu. Aliitoa kama zawadi, na ninajua ilikuwa zawadi. Sijawahi kumulaumu kwa hilo.

Tulitoka nje wote. Ilipanda vizuri, haitetemeki. Ilienda mpaka juu ya Kituku, ikazunguka juu ya maji ya ziwa, ikarudi upande wetu, na nilimuona kabisa, mukono wake uko nje anatupungia. Valérie wangu alikuwa ananivuta nguo, anasema papa, papa. Mama-mukwe alipiga vigelegele, zile impundu za kwetu, sauti yake ikapanda kama ya musichana. Alikuwa bado anapiga nilipoona kitu cheupe kinachomoka juu, kirefu, kinapepea peke yake. Sauti ya mashini ikabadilika. Ikaanza kujitupa huku na huku, ikainama, ikaenda kuangukia kwenye mawe meusi ng'ambo ya uwanja.

Julien alivunjika miguu, akapona. Onésime walimutoa ameshakufa. Nilifika kabla hawajamufunika. Nilimushika mikono, ile mikono yake mikavu iliyopasuka, na sitasema zaidi ya hapo.

Kilio kilikuwa nyumbani. Watu wa Masisi wakashuka, wamama wa parokia wakaja, nyumba ikajaa. Mimi sikulia kwa sauti. Watu wakashangaa, wakanong'ona kwamba Mukakalisa hata kulia anakataa. Sikuwa nakataa. Kilikuwa hakitoki tu.

Tulipokwisha kuzika, Monsieur Vanhoucke akaja. Hakuingia kati ya watu, aliniita nyuma ya nyumba. Macho yake yalikuwa mekundu na hakujificha. Alikuwa amebeba kipande cha lile gamba kilichochomoka, urefu wa mukono wangu.

"Apolline, nisaidie mimi," alisema kwa Kiswahili chake. "Pengine pote kole nashika. Natoka na muti, unaona? Hapa, hapana. Hapa nafunguka safi. Hapa iko mafuta. Kugonga hatuwezi kusikia, juu kole nagusa muti, lakini hashike. Mimi naona Onésime kila asubuhi nanawa. Mimi mwenyewe naona. Hii mafuta natoka wapi?"

Nikakichukua. Upande wa ndani ulikuwa laini, unateleza kidogo chini ya kidole. Nikaupeleka puani.

Moshi, na yale majani ya kilima cha kwao.

Nilimurudishia. Nikamuambia sijui. Akasema wakubwa kutoka Bukavu watakuja kuuliza, watataka jibu, nifikiri vizuri. Akaondoka ameinama zaidi ya kawaida yake.

Nilirudi ndani nikaketi kando ya mama-mukwe. Sikumuuliza kitu, naapa. Alianza mwenyewe, polepole, anaangalia chini.

"Nililipaka, Mama Valérie. Lile panga lake. Nilichukua mafuta kidogo ndani ya jani, nikalipaka kwa kiganja, upande ule wa mwisho ambako mukono wangu ulifika, nikasugua mpaka muti ukayanywa. Chansi kipya hakiachwi kikavu, kitapasuka. Nikasema, kama mwanangu wamemukatalia, basi kazi yake ipakwe. Nikaiombea. Na Mungu hakuona."

"Wamemukatalia?" nikasema.

"Wazungu. Si wanasema tunanuka? Zamani kule misioni masista walitusimamisha mulangoni pa kanisa, twende kwanza tukajioshe mafuta ndipo tuingie. Nilikuwa na mimba ya Onésime. Nilirudi nyumbani kwa aibu, siku ile misa sikusikia. Sasa na mwanangu wakamufanyia vile vile, na yeye kwa heshima yake akakubali."

Hivi ndivyo alivyoelewa. Na nani wa kwetu asingeelewa hivyo? Yule mama alipaka upendo wake wote juu ya ule muti, na ule upendo ndio uliomuangusha mutoto wake kutoka hewani. Nikatazama kiganja chake kimelala juu ya goti. Mimi na yeye hatukupendana sana, sitakudanganya. Alikuwa ananiona mukali, mimi nikamuona mugumu. Lakini ile saa nilifikiri: huyu akijua, hatakufa. Ndilo baya. Ataishi, na ataishi na kile kiganja.

Wakubwa wakaja. Walikuwa wawili, wakaketi ndani ya ateliye nyuma ya zile meza ambazo panga lilikuwa limelala juu yake. Monsieur alikuwa upande, na Hilaire, karani wa kampuni, mutu wa Masisi kama sisi, alikuwa anatafsiri. Wakaniita. Mama-mukwe alikuja na mimi, akaketi nje kwenye jiwe karibu na mulango, kwa sababu alisema mwanawe asisemewe bila yeye kuwepo.

Mukubwa mumoja aliuliza kama bwana yangu alikuwa anajipaka mafuta, namna ya watu wetu.

Maswali yao niliyaelewa hata kabla Hilaire hajatafsiri, masista walinifundisha Kifaransa cha kutosha. Nikaona yote yalivyopangwa. Nikisema hapana, watauliza ni nani mwingine aliyeingia ateliye. Watamuita mulinzi. Mulinzi atasema, ni mama yake tu. Na mama yake yuko hapo mulangoni, hajui kuficha kitu, atawaambia kwa fahari. Nikisema ndiyo, Onésime wangu, aliyejikuna mpaka damu kwa kulinda lile sharti, atabaki kwenye vinywa vyao kama mweusi mumoja muchafu aliyeharibu mashini na kumuvunja muzungu miguu. Mafuta walikuwa wameshayajua, hakuna mutu ambaye angekufa tena kwa kutoyajua. Kilichobakia ni mukono tu, mukono wa nani. Nilipaswa kuchagua mukono.

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa anajipaka."

Monsieur alisimama. "Apolline. Mimi naona yeye nanawa."

"Alinawa mbele yako," nikasema. "Kisha anajipaka tena. Vumbi la kioo lilimuwasha."

Alinitazama. Nilitaka asiniamini. Nilimuomba kimoyomoyo, wewe ulimujua, usiniamini. Lakini aliketi tena, akajifunika macho kwa mukono.

"Yeye naahidi mimi," alisema.

Basi ikawa hivyo. Tangu siku ile ile kampuni haikumuacha tena mutu wetu aguse mapanga, na kila aliyefukuzwa pale alijua ni kwa sababu ya Onésime. Walipita nyumbani kwangu hawasalimii. Sikuwajibu kitu, na kwa mara ya kwanza watu wa mutaa wakaniona ni mutu mupole.

Lakini ile siku yenyewe ilikuwa haijaisha. Nilipotoka nje, Hilaire alikuwa ameshanitangulia, amemuinamia mama-mukwe anamueleza kwa Kinyarwanda. Sikuwahi kumuzuia. Nilisikia mwisho tu: kwamba kole haishiki penye mafuta, kwamba ndiyo iliyomuua, kwamba bibi yake amekubali alikuwa anajipaka.

Mama-mukwe aliinuka kwenye jiwe. Alinitazama mimi, si kwa hasira kwanza, kwa mushangao.

"Umesema uongo," akasema. "Mwanangu alikuwa mukavu. Nilimuona. Ulimuosha wewe mwenyewe ukamulaza kaburini mukavu. Kwa nini umemuuza kwa hawa watu?"

Nikanyosha mukono nimushike, akausukuma.

"Wewe na mudomo wako wote, leo ndiyo umekosa la kumusemea bwana yako?" Sauti yake ikapanda. "Basi nitaingia mimi. Nitawaambia mwanangu alikuwa safi. Nitawaambia hakuwa na mafuta mwilini, mafuta yaliyoingia mule ndani ni ya—"

Akasimama hapo hapo. Mukono wake ulikuwa umenyoka kuelekea mulango. Macho yake yakashuka polepole, yakaufuata ule mukono mpaka kwenye kiganja, na niliona lile wazo linamukaribia. Niliona kabisa. Lingemufika.

Nikamushika mukono nikaukunja ndani ya wangu, kwa nguvu, mpaka akaumia.

"Alikuwa anajipaka," nikamuambia. "Kwa siri, mama. Vaselini, ile ya duka. Alikuwa anaificha ateliye chini ya mbao. Mimi peke yangu nilijua."

"Uongo."

"Haki ya Mungu, na Valérie afe kama nadanganya." Ndiyo, niliapa kwa mutoto wangu. Nimekwisha kuongea na Mungu juu ya hilo. "Kila siku. Mikononi tu, kwa sababu ya kuwashwa. Hata ile asubuhi waliyolaza kitambaa alijipaka."

Hilaire akamushika upande wa pili. Nikaona lile wazo linarudi nyuma, linamuacha, na pahali pake kinaingia kitu kingine.

"Vaselini ya wazungu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nilibeba yangu kutoka Masisi. Kichwani. Alisema ni sharti la kazi. Kumbe alikuwa anajipaka nyingine. Yangu aliyakataa kwa nini?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini wazo lililomuacha sasa hivi lingeweza kurudi, na nilimujua, angeuliza na kuuliza mpaka alifikie. Ilipaswa lifungwe.

"Alisema yananuka, mama," nikamuambia.

Hakulia. Aliutoa mukono wake ndani ya wangu, akavuta nguo yake akajifunika kichwa chote na uso, akashika njia ya nyumbani peke yake, amepita kando kabisa ya barabara, namna mutu anavyopita akiogopa wengine wasisikie harufu yake.